Jinsi ya kujionea nyumbani vile ioni zinavyosaidia DNA kuingia ndani ya kirusi

Salamu zenu jamani. Mimi nafundisha tuisheni ya bayolojia na kemia huku Kisauni, na kila mwaka tukifika kwa virusi kuna swali moja lazima litoke: "Mwalimu, kama uzi wa DNA ni mrefu mara mia tatu kuliko kichwa cha kirusi chenyewe, sasa waingiaje mle ndani?" Vitabu vyetu vyapita hapo mbio mbio, vyachora kijumba chenye pembe na kamba imejikunja ndani, bas, ukurasa unaofuata. Na mimi kwa miaka nilikuwa napita hapo hapo mbio mbio na wao, mpaka siku moja nikakaa nikasoma vizuri nikaona kumbe jibu lenyewe liko kwenye chumvi, yaani zile ioni, chembe zenye chaji zinazoelea kwenye maji, na kumbe sehemu kubwa mtu aweza kujionea jikoni kwake bila maabara. Ndo nikaandika hii.

Tafuta vitu hivi kabla hujaanza: mita nane na ushee za mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni wa unene wa milimita moja (wauza vifaa vya uvuvi wakukatia ukiwaambia), vifuniko viwili vya chupa ya soda ya plastiki, selotepu, mfuko wa mkate mtupu, ndizi mbivu, chumvi ya jikoni, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, spiriti kutoka duka la dawa, chujio la chai, gilasi mbili za kuonekana ndani, na simu yako ya kupigia hesabu. Spiriti itie friza tangu usiku wa jana, usisahau hilo, mimi mara ya kwanza nilitumia ya moto moto ya kwenye kabati, na Mombasa wajua kabati ni kama oveni, sikupata kitu, watoto wakaenda zao wamevunjika moyo na mimi nikaumia.

Twaanza na mshipi. Kirusi tutakachokifuata ni kimoja kinaitwa faji lambda. Faji ni virusi vinavyoshambulia bakteria peke yake, havina haja na wewe, na vimejaa kila mahali, ukichota maji ya bahari hapo Mama Ngina, kila mililita moja yaweza kuwa na virusi kama milioni 10 na wengi wao ni faji. Lambda yashambulia bakteria E. coli. DNA yake ina jozi 48,502 (jozi ni kama vidato vya ngazi, ndo uzi wenyewe umejengwa hivyo), kila jozi yachukua nanomita 0.34 (nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita), zidisha utapata kama nanomita 16,500 kwa urefu. Unene wa uzi ni nanomita 2. Na kichwa cha kuingia uzi wote huo, kwa ndani ni kama nanomita 58 tu upana wake.

Sasa kuza kila kitu mara 500,000. Nanomita 2 zawa milimita moja, ndo unene wa mshipi wako. Urefu wawa mita 8 na robo. Na kichwa chawa duara la milimita 29, ndimu ndogo. Funganisha vifuniko viwili vya soda mdomo kwa mdomo kwa selotepu, zungusha mara nyingi nyingi, utapata kipipa kinachokaribia kipimo hicho. Toboa tundu moja juu kwa msumari uliopashwa moto (mtu mzima atoboe), tundu la kupita mshipi tu basi, halafu anza kuusukuma.

Mita ya kwanza yaingia bila neno. Ukiweka kipipa karibu na sikio wasikia mshipi ukijisugua ukutani, ukijipanga duara duara. Ikifika ya pili mambo yageuka, kila sentimita yataka nguvu, mshipi wapinda pale nje kabla haujaingia, wateleza vidoleni, na ukilegeza kidogo tu warudi nje wenyewe kwa kishindo. Mimi sijawahi kufikisha mita nane, na kwa watoto wote niliowafundisha hakuna aliyefika. Nawaambia muukamate hivyo hivyo, msilegeze, musikie hiyo nguvu inavyosukuma kidole, manake nguvu hiyo ndo habari yote ya leo.

Nikwambie ukweli, nailoni ni ngumu kupita DNA ukipima kwa kipimo hiki chetu. DNA yaanza kukubali kupinda ukifika kama nanomita 50, kwetu hapa ni milimita 25, yaani kipande kifupi kuliko hapo chataka kubaki kimenyooka. Lakini angalia, milimita 25 ni karibu upana mzima wa kipipa! Kwa hivyo DNA mle ndani hata pa kujinyoosha haina, yalazimishwa kupinda mwanzo hadi mwisho. Na nafasi yenyewe, ukipiga hesabu ya ujazo, uzi peke yake wajaza karibu nusu ya kichwa, kilichobaki ni maji na ioni. Waliopima wamekuta uzi na mwenzake mle ndani umbali wao, katikati kwa katikati, ni kama nanomita 2.5 hadi 2.8. Kumbuka uzi wenyewe ni nanomita 2. Yaani kati ya nyuzi mbili pabaki ufa wa chini ya nanomita moja, hapo ndo ioni zote zafanyia kazi yake.

Nani asukuma? Kirusi kina mota mlangoni, yaani mashine ya protini, inakula ATP, ile kemikali ya kubeba nishati, kama seli zako zinavyokula. Mwaka 2001 kikundi cha Carlos Bustamante kule Berkeley, Marekani, pamoja na Douglas Smith na wenzao, waliikamata DNA ya faji nyingine inaitwa phi29 kwa koleo za mwanga, yaani miale ya leza inayoshika vitu vidogo, wakaiacha mota ivute huku wao wanapima. Ikavuta hadi pikonyutoni 57 (kipimo cha nguvu ndogo ndogo mno) kabla ya kusimama. Protini za mota ndani ya seli zetu zile zinazobeba mizigo hufika kama 6 hivi, kwa hivyo hii ni kuli wa ajabu kabisa. Waliona pia kuwa mwanzoni mota yaenda kama jozi 100 kwa sekunde na kadiri kichwa kinavyojaa yapunguza mwendo, kama vile ulivyosikia wewe na mshipi wako.

Lakini mshipi hauna chaji. Hiyo ndo kasoro ya kipipa chetu na ndo kwa nini lazima twende hatua ya pili.

Chukua mfuko wa mkate, kata kipande cha urefu wa kiganja, halafu kichane nyuzi nyuzi nyembamba kutoka chini kwenda juu, usifike mwisho, zibaki zimeshikana juu kama fagio. Kamata pale juu, na kwa mkono wa pili uzisugue kwa kitambaa kikavu kutoka juu kwenda chini mara kumi kumi na tano. Ziachie zining'inie. Zatakiwa zitawanyike, kila uzi wamkimbia mwenzake, kama miguu ya kiwavi wa baharini kwenye maji, kwa sababu zote zimepata chaji ya aina moja na chaji za aina moja hufukuzana.

Nimesema "zatakiwa" kwa sababu pwani hapa hewa ina unyevu na unyevu waiba chaji. Nyakati za masika jaribio hili lakataa kabisa. Lifanye mchana wa kaskazi, au ndani ya chumba chenye eyasi, na kitambaa ukianike juani kwanza mpaka kikauke kweli kweli. Ikikubali, usikimbilie kuendelea, chovya mkono wako kwenye maji, ukung'ute, halafu zipitie zile nyuzi kwa mkono ulio na unyevu. Zaanguka pamoja, zalala kama kawaida. Chaji imeondolewa, ugomvi umekwisha.

DNA ndo hizo nyuzi. Kila jozi ina fosfeti mbili na kila fosfeti ina chaji hasi moja, kwa hivyo lambda nzima ina chaji hasi 97,004 zimepangwa kwenye uzi mmoja, chaji moja kila nanomita 0.17. Bila kitu cha kutuliza hizo chaji, mota ingekuwa na kazi ngumu mno. Kinachotuliza ni ioni chanya: sodiamu, potasiamu, magnesiamu, na zingine ntakazokuja kuzitaja hapo mbele ambazo kwangu mimi ndo tamu kuliko zote.

Haya, washa kalkuleta. Usiogope hii hesabu, watoto wa fomu two wameifanya.

Mwaka 1969 mwanakemia wa Marekani, Gerald Manning, alionyesha kuwa uzi wenye chaji nyingi hivi huwa hauziachi ioni zielee ovyo, huzivutia na kuzilaza juu yake mpaka chaji yake ipungue hadi kiwango fulani. Hesabu yake ni hivi. Kwenye maji ya kawaida kuna umbali, kama nanomita 0.71, ambao chaji mbili zikiwa karibu kuliko huo, msukumano wao washinda mtikisiko wa joto. Gawa 0.71 kwa ile 0.17, utapata kama 4.2. Sasa zidisha 4.2 kwa chaji ya ioni, gawa 1 kwa jibu hilo, halafu utakachopata kitoe kwenye 1. Hilo jibu ndo sehemu ya chaji ya DNA iliyofunikwa.

Sodiamu ina chaji 1: 1 toa 1/4.2, ni 0.76, yaani asilimia 76. Magnesiamu ina chaji 2: 1 toa 1/8.4, asilimia 88. Ioni yenye chaji 3: asilimia 92. Yenye chaji 4: asilimia 94.

Mtoto mmoja aliniambia "Mwalimu kutoka 88 hadi 92 si kitu, ni nne tu." Nikamwambia usitazame kilichofunikwa, tazama kilichobaki wazi. Kwa sodiamu yabaki 24, kwa chaji 3 yabaki 8, theluthi tu. Kwenye lambda hiyo ni tofauti ya chaji elfu 23 zinazofukuzana na chaji kama elfu 8. Halafu kuna mstari. Mwaka 1979 watafiti Wilson na Bloomfield walionyesha kuwa chaji ikishafunikwa kama asilimia 89 hadi 90, DNA ndefu yajikunja yenyewe ghafla, haingoji mtu kuisukuma. Yaani kabla ya hapo nyuzi zafukuzana, baada ya hapo zavutana! Tazama tena orodha yetu: sodiamu 76, haifiki. Magnesiamu 88, imesimama mlangoni haiingii, na kweli kwenye maji peke yake magnesiamu haiikunji DNA ndefu namna hiyo. Chaji 3, 92, imepita. Hesabu ya mstari mmoja kwenye simu, na yakupa jibu ambalo watu waliliona maabara. Mimi mpaka leo yanifurahisha.

Na DNA ikijikunja hivyo haiwi donge ovyo ovyo. Watafiti Gosule na Schellman mwaka 1976 waliitilia spemidini (ioni ya chaji 3, naja kuieleza sasa hivi) wakakuta imejizungusha mviringo wenye tundu katikati, kama ile kata ya kitambaa ambayo mama ajitia kichwani kubebea ndoo. Upana wake ni kama nanomita 100 hivi. Bila ganda, bila mota, chumvi tu.

Spemidini na ndugu yake spemini ndo hizo ioni tamu nilizokuahidi. Spemidini ina chaji chanya 3, spemini ina 4. Hazitoki kiwandani, seli zako wewe zazitengeneza kila siku, bakteria pia, na mtu wa kwanza kuona fuwele za spemini alikuwa Leeuwenhoek, yule wa darubini, mwaka 1678, kwenye manii, ndo jina likatoka huko. Faji T4, ambayo DNA yake ni kama jozi 169,000, imekutwa na spemidini na putresini (ndugu yao mwingine mwenye chaji 2) ndani ya kichwa chake, imezibeba kutoka kwa bakteria iliyoiua. Na kile kirusi cha hapesi kinachotoa vile vidonda vya mdomoni mtu akiwa na homa, nacho kimekutwa na spemini ndani. Virusi vingine vyatumia njia nyingine, adenovirusi kwa mfano ina protini zake zenye chaji chanya za kazi hiyo, na sisi kwenye seli zetu tuna histoni, protini zenye chaji chanya ambazo DNA yajizungushia. Dawa ni ile ile, chaji chanya kwa chaji hasi.

Sasa tuingie jikoni, manake ndizi yaanza kuwa nyeusi.

Ponda nusu ya ndizi mpaka iwe uji. Tia nusu kikombe cha maji, vijiko viwili vya chai vya sabuni, ukoroge pole pole bila kutoa povu, ukitoa povu jingi utakosa kuona. Sabuni yafungua kuta za mafuta za seli. Ugawe sehemu mbili. Sehemu moja tia chumvi, nusu kijiko cha chai, koroga mpaka iyeyuke. Ya pili usitie chumvi kabisa. Ngoja kama dakika kumi, halafu zichuje kila moja kwa chujio la chai kwenye gilasi yake, maji matupu yapite, usikamue, ukikamua yapita na makapi. Wacha kila gilasi iwe na vidole viwili vya maji tu.

Toa spiriti friza. Zima jiko kwanza, spiriti yashika moto haraka, na watoto wadogo wasiichezee wala kuionja. Ukipata yenye asilimia 90 na kitu ni bora kuliko ya 70. Lalisha gilasi upande kidogo, mimina spiriti pole pole ipite ukutani mwa gilasi, ikae juu ya maji ya ndizi isichanganyike, iwe kama mara mbili ya hayo maji. Simamisha gilasi. Nyamaza utazame.

Pale mpakani, baina ya maji na spiriti, kwanza waona wingu jembamba kama tui lililomwagika. Halafu wingu hilo lajikusanya lawa nyuzi nyeupe, zapanda juu zimebeba vipovu vidogo vidogo. Nakumbuka binti mmoja aliinama mpaka pua ikagusa gilasi, akasema "yapanda, mwalimu, yapanda!" Chukua kijiti cha mshikaki, uzungushe humo pole pole, nyuzi zitajizungusha kwenye kijiti kama makamasi meupe. Ndani yake kuna DNA ya ndizi, na kuna pektini na protini pia zimefuatana nazo, usije ukamwambia mtu hii ni DNA safi tupu, si kweli.

Gilasi isiyo na chumvi huwa yachelewa na nyuzi zake huwa chache na zimelegea. Usitarajie iwe tupu kabisa, ndizi yenyewe ina potasiamu nyingi ya kwake. Ukitaka tofauti ionekane zaidi, tumia kitunguu badala ya ndizi, na maji ya kunywa ya chupa badala ya maji ya kisima, manake maji ya visima vyetu vingi huku yana chumvi tayari na yatakuharibia gilasi ya pili.

Sasa utaniuliza, si ulisema sodiamu haifiki mstari? Asilimia 76 tu? Mbona hapa imefika? Swali zuri sana hilo, rudi kwenye kalkuleta. Ile 0.71 ni ya maji. Maji yana nguvu kubwa ya kutenganisha chaji, kipimo chake ni kama 80, spiriti ya ethanoli ni kama 25. Kipimo kikishuka, ule umbali wa 0.71 warefuka kwa kadiri hiyo hiyo. Tuseme pale mpakani mchanganyiko umeshusha kipimo hadi nusu: 0.71 yawa 1.42, gawa kwa 0.17, kama 8.4, kwa hivyo sodiamu sasa yafunika asilimia 88. Endelea hadi theluthi, karibu na spiriti tupu, yawa 92. Umeona? Spiriti imeifanya sodiamu ya chaji 1 ifanye kazi ya spemidini ya chaji 3! Ndo maana nyuzi zaanzia mpakani, si chini, pale pale spiriti inapokutana na chumvi. Kirusi hakina spiriti, kwa hivyo chahitaji ioni zenye chaji nyingi zaidi au mota yenye nguvu, na aghalabu chatumia vyote viwili.

Kuna wanaoniuliza wajaribu chumvi ya epsom kwa vile ni magnesiamu. Jaribuni, lakini muwe macho, chumvi hiyo haipendi spiriti, yatoka yenyewe ikawa unga mweupe unaozama chini. Nyuzi zapanda na zavutika kwa kijiti, unga wazama na hauvutiki. Usichanganye hivyo viwili ukaandika kuwa umepata DNA nyingi.

Magnesiamu kwa faji si mchezo lakini. Watu wa maabara wakiweka lambda kwenye chupa huwatilia magnesiamu, na ukiwatilia kemikali ya kunyakua magnesiamu, kama EDTA, faji wengi waharibika, DNA yatoka wakabaki maganda. Tangu miaka ya 1970 watafiti walilitumia hilo kama chujio: waliobaki hai baada ya EDTA walikuwa wale waliopoteza kipande cha DNA, yaani wenye uzi mfupi kidogo, wenye nafasi kidogo zaidi ndani. Kipipa chenye mita saba badala ya nane. Ondoa zile ioni zinazotuliza na shinikizo lapanda mpaka anayebaki ni yule ambaye hakujaza sana. Kwangu mimi hakuna ushahidi mzuri kuliko huo wa kazi ya ioni.

Shinikizo ni kiasi gani? Kwa lambda wamepima makumi ya atmosfia (atmosfia moja ni shinikizo la hewa ya kawaida). Tairi la gari dogo ni kama 2 tu juu ya hewa ya nje. Ukizama baharini kila mita 10 yaongeza kama atmosfia moja, kwa hivyo atmosfia 25 ni kama kuwa chini zaidi ya mita 200, kina ambacho hata Kilindini, iliyopewa jina kwa kilindi chake, haikikaribii. Na shinikizo hilo lategemea ioni: ukiongeza magnesiamu lashuka, ukitia spemini lashuka zaidi. Kwa phi29, mwaka 2007, kikundi cha Smith kilipima wakati wa kupakia na kuona hivyo hivyo, kwenye sodiamu mota yapata upinzani mkubwa kuliko kwenye magnesiamu.

Mtu ataona basi dawa ni kumwaga spemidini nyingi DNA iingie ulaini. Mimi nilidhani hivyo. Lakini mwaka 2014 kikundi hicho hicho kilionyesha kinyume: nyuzi zikianza kuvutana zenyewe, upakiaji waharibika, mota nyingi zasuasua au zakwama kabisa. Uzi ukigusana na mwenzake wamng'ang'ania pale pale walipokutana hata kama si mahali pake, hauna tena nafasi ya kuteleza ujipange. Mvuvi anayekunja nyavu aelewa hili bila kuelezwa, nyavu yenye maji huteleza ikajipanga, iliyokauka na chumvi hunata ukaikuta fundo. Yaani ugomvi kidogo kati ya nyuzi wasaidia, mradi usiwe mwingi. Ioni za kirusi lazima zitulize lakini zisigandishe, na hapa ndo naona mtu akiwaza dawa za virusi ana kitu cha kushika.

Rudi sasa kwenye kipipa chako cha vifuniko, usikitupe, kina somo moja limebaki. Sukuma mshipi kadiri ya uwezo wako, ushike, halafu kielekeze mbali na macho ya watu, ulegeze vidole pole pole. Mwanzo watoka kwa nguvu, wakimbia wenyewe. Halafu wapunguza. Halafu wasimama, na kipande kimebaki ndani, hakina tena cha kukisukuma. Lambda nayo ikigusa kile kipokezi cha bakteria kinachoitwa LamB, mlango wafunguka na DNA yaruka ndani kwa hilo shinikizo, lakini ndani ya bakteria nako kuna shinikizo lake la atmosfia kadhaa, kwa hivyo zikifika sawa msukumo waisha kabla uzi haujaisha. Mwaka 2003 mtafiti Evilevitch na wenzake, pamoja na Gelbart na Knobler, walitia polima (molekuli ndefu ndefu) kwenye maji ya nje kuongeza shinikizo la nje, na ilipofika kama atmosfia 20 DNA haikutoka hata kidogo. Kipande kile cha mwisho yadhaniwa bakteria mwenyewe ndo husaidia kukivuta ndani. Kwa hivyo mshipi wako ukisimama, shika ile ncha ya nje, uvute uliobaki kwa mkono.